Hela ya salfa ya mama imeishia kwenye inningi ya kwanza

KWA MJOMBA

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni kijana wa Mtwara mjini, nakaa Chikongola na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Ni fundi simu, nina kibanda changu. Shamba la korosho la familia liko upande wa Nanyamba na ni la mama; baba alishatangulia mbele ya haki. Nakuandikia kwa sababu jambo hili sina wa kumwambia nyumbani, na mjomba wangu wa kuzaliwa namwogopa.

Mjomba, nabeti. Zamani nilibeti mpira kama vijana wengine, dau la mia tano, la elfu moja, Jumamosi na Jumapili, basi. Mwezi wa tano ligi za Ulaya zikaisha, na ya kwetu nayo ikawa ukingoni. Nikifungua programu nakuta imejaa besiboli ya Marekani, kila usiku mechi kumi, kumi na tano. Mchezo wenyewe sikuujua. Jamaa yangu mmoja akanionyesha dau la inningi ya kwanza bila pointi. Timu ngeni inapiga, ikitolewa wenyeji nao wanapiga, na kama zote mbili hazikupata pointi hata moja, umekula. Odi, yaani mara ngapi dau lako linarudi ukishinda, zinacheza 1.70 mpaka 1.80. Akaniambia mechi ndiyo kwanza inaanza, watu hawajapata moto, pointi zitatoka wapi? Nikaona ana hoja, maana hata kwenye mpira dakika kumi za mwanzo mara nyingi huwa bila bila.

Mkeka wangu wa kwanza, yaani dau moja la mechi tano ambazo lazima zote zikubali, ulitiki. Niliweka 5,000 nikapata zaidi ya 80,000. Tangu hapo silali. Mechi nyingi zinaanza saa nane usiku kwa saa zetu, nyingine saa kumi na moja alfajiri. Naangalia takwimu za warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, nani hajaruhusu pointi inningi ya kwanza mechi sita mfululizo, nani saba, naandika kwenye daftari. Mke wangu anadhani naongea na mwanamke nje.

Sasa balaa lenyewe. Mama alinitumia 450,000 ya kupulizia mikorosho. Salfa yenyewe tayari anayo, aliipata kwa ruzuku kupitia chama chetu cha msingi. Hela ilikuwa ya kukodi mota ya kupulizia, petroli na kuwalipa vijana wa kupuliza. Nilisema nitaigusa kidogo tu halafu nirudishe. Mjomba, mikeka yangu ilikuwa inachanika kwa mechi moja. Moja tu! Nne zimekubali, moja inanichania. Ndiyo maana naamini siko mbali. Imebaki 90,000. Nimekopa na 200,000 ya kausha damu, nayo nusu imeshakwenda.

Mama anapiga simu kuuliza vijana wa mota wanaanza lini, namwambia mafundi wana foleni. Mikorosho imeshaanza kutoa maua.

Naomba unisaidie mambo matatu. Kwanza, kuna namna bora ya kuchagua warushaji ili nirudishe hela ya mama, halafu niache? Pili, kuna mtu Telegram anauza inningi zilizopangwa kwa 20,000 na anasema anawajua watu ndani ya timu. Ni kweli? Tatu, kuna mnunuzi wa kangomba kule kijijini yuko tayari kunipa hela leo, nimlipe magunia ya korosho msimu ukifika. Nichukue kabla mama hajajua?

Nimeanza kuupenda huu mchezo kwa kweli, ila najiona nazama. Naswali, na najua kamari ni haramu. Usinisute sana, Mjomba.

Mpwa wako, Chikongola

*

Marahaba mpwa wangu. Umeandika barua ndefu na umeeleza kila kitu, hata vile ambavyo mtu angeficha. Mtu aliyekwishazama haandiki hivi, kwa hiyo nitakujibu kama ninayezungumza na mtu mzima.

Majibu mafupi kwanza, kwa sababu maua hayasubiri. Hela ya kangomba usiichukue. Mtu wa Telegram usimpe hata mia. Na namna ya kuchagua warushaji itakayorudisha hela ya mama haipo. Hili la mwisho nitalieleza kwa urefu, maana nikikuambia tu “acha” utaacha leo, kesho kutwa usiku utasema moyoni Mjomba hajui besiboli. Nataka ulione kwa hesabu yako mwenyewe.

Jamaa yako alikudanganya bila kujua. Inningi ya kwanza haifanani na dakika kumi za mwanzo za mpira wa miguu. Kwenye besiboli kocha anapanga kabla ya mechi nani apige wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, na wale wakali anawaweka juu ya orodha ili wapate zamu nyingi. Orodha hiyo inaanzia juu kwa uhakika katika inningi moja tu, nayo ni ya kwanza. Kuanzia ya pili, inategemea waliotangulia waliishia wapi. Ndiyo maana ukitazama msimu mzima wa ligi kuu ya Marekani, inningi ya kwanza huwa miongoni mwa zenye pointi nyingi kuliko zote, kwa kawaida inaongoza, na ya pili ndiyo huwa kavu. Timu kama Los Angeles Dodgers imekuwa ikimweka Shohei Ohtani apige wa kwanza kabisa. Wewe unaweka hela kwamba hakitatokea kitu wakati mtu anayejulikana dunia nzima kwa kuvusha mipira ukutani ndiye anaingia kushika gongo.

Ni kweli kuna upande wa pili. Mrushaji naye mwanzoni mkono una nguvu, na wapigaji hawajauona mpira wake siku hiyo. Pande hizi mbili zinavutana. Matokeo yake ni kwamba inningi ya kwanza kavu kwa timu zote mbili huzunguka nusu ya mechi, mara nyingi imezidi nusu kidogo. Tukupe mechi 53 katika kila 100.

Sasa chukua daftari lako. Odi ya 1.75 maana yake ni kwamba ili hela yako irudi tu, bila faida hata ya senti, unatakiwa upatie mechi 57 katika 100. Gawanya 100 kwa 1.75 uone. Wewe unapatia 53. Ukiweka 1,000 kwenye kila mechi moja moja, mechi 100, umetoa 100,000 na umerudishiwa 92,750. Hayo ni kabla ya kodi ya serikali inayokatwa kwenye ushindi. Umekesha, umechoka, umekosana na mkeo, na umelipa 7,250 kwa kazi hiyo.

Hilo ni dau la mechi moja moja, lenye nafuu. Wewe unasuka mikeka ya mechi tano. Mechi tano zote kukubali, kila moja ikiwa na nafasi ya 53 kwa 100, ni kuzidisha 0.53 mara tano. Inatoka kama 0.042. Yaani katika mikeka 100 inatiki kama minne. Kila mmoja ukiwekewa 1,000 unalipa kama 16,400. Piga hesabu kwa makini, laki yako inarudi kama 69,000. Kampuni inapenda mkeka kuliko wewe unavyoupenda, kwa sababu kila mechi unayoongeza inaiongezea faida juu ya ile ya mechi ya kwanza.

Na hapa ndipo penye jambo lililokushika, mpwa wangu, ambalo nataka ulisome pole pole. Umesema mikeka yako inachanika kwa mechi moja, ndiyo maana unaamini hauko mbali. Tuhesabu. Mkeka wa mechi tano, nafasi ya kupatia nne hasa na kukosa moja hasa ni kama 18 au 19 katika 100. Na nafasi ya kupatia zote ni nne. Kwa hiyo kwa kila mkeka mmoja unaotiki, mikeka zaidi ya minne itachanika kwa mechi moja. Itakuwa hivyo kwako, kwa jamaa yako, na kwa mtu anayechagua mechi macho yamefumba. Kukosa kwa moja hakukuambii kwamba umekaribia chochote. Mkeka huo umetengenezwa kiasi kwamba utakukosa kwa moja mara kwa mara, na kila ukikukosa hivyo unatoa tena hela, kwa kuwa moyo unahesabu nne zilizokubali. Hela nyingi ya mama imeondoka kupitia mlango huu. Mkeka wa kwanza uliotiki ulikufungulia tu.

Tuje kwenye takwimu zako za warushaji, maana naona umezifanyia kazi na sitaki kuzipita juu juu. Unatafuta mrushaji ambaye hajaruhusu pointi inningi ya kwanza mechi sita mfululizo. Mrushaji wa kawaida kabisa, asiye na kipaji cha pekee, ana nafasi kama 72 katika 100 ya kumaliza inningi yake ya kwanza bila kuruhusu pointi. Zidisha 0.72 mara sita, inabaki kama 0.14. Ligi ile ina timu 30, na kila timu ina warushaji watano hivi wanaopokezana kuanza mechi, jumla kama 150. Asilimia 14 ya 150 ni 21. Kwa hiyo usiku wowote ule, hata kama warushaji wote wangekuwa sawasawa kwa uwezo, ungewakuta kama ishirini na mmoja wenye mechi sita safi mfululizo, kwa bahati tupu. Hao ndio unaowaandika kwenye daftari. Na yule ambaye kweli ni mkali, kampuni nayo inamjua. Ndiyo maana odi yake unaikuta 1.55 badala ya 1.75. Unachokiona wewe kwenye skrini saa saba usiku, wao walishakiona mchana na wamekiweka ndani ya bei.

Halafu kuna yale usiyoweza kuyaona ukiwa Chikongola. Upepo wa Chicago siku hiyo unavuma kuelekea wapi. Mechi iko Denver, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali? Mwamuzi wa nyuma ya mdakaji, anayeamua mpira upi umerushwa sawasawa, ni wa mkono mkunjufu au mgumu? Orodha ya wapigaji hutoka saa chache kabla ya mechi, kwako ni saa nne, saa tano usiku, na mara nyingine mrushaji uliyemsoma wiki nzima anaondolewa dakika za mwisho. Tangu mwaka 2018, timu ya Tampa Bay Rays ilipoanza kumtumia mrushaji wa akiba kuanza mechi kwa inningi moja tu kisha kumtoa, hata jina la anayeanza si kigezo cha kutegemea sana kwa baadhi ya timu. Kuna watu Marekani ambao kazi yao ya kutwa ni kupima haya kwa kompyuta. Hao wakifika hizo 57 katika 100 wanashukuru. Kwako 57 ndiyo sifuri.

Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kuchagua vizuri ili urudishe 360,000, jibu langu ni kwamba kila mkeka utakaoweka kutoka sasa utazidisha shimo, kwa wastani, na wastani ndio unaokula watu. Usiweke hata wa kuagia.

Nakuongezea jambo ambalo halimo kwenye hesabu. Inningi ya kwanza inakwisha haraka. Tangu 2023 warushaji wa ligi ile wanarusha kwa kuhesabiwa muda, sekunde 15 kwa kila mpira kama hakuna mkimbiaji kwenye kituo, kwa hiyo inningi nzima ya timu zote mbili mara nyingi haimalizi nusu saa. Umeliwa saa nane na nusu, na saa tisa kasoro nyingine inaanza, saa kumi nyingine, kumi na moja nyingine, mpaka jua linatoka. Msimu mmoja una mechi 2,430, kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Mpira wa miguu ulikuwa unakupa nafasi ya kupumua mpaka Jumamosi, na wewe ukidhani ni hiari yako. Huu haukupi. Dau lako lilipanda kutoka mia tano kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya tamaa yako, na ninakuambia hivyo ili usijichukie, kwa sababu mtu anayejichukia anarudi kubeti.

Mtu wa Telegram. Ni kweli besiboli ina historia ya kuuzwa mechi. Mwaka 1919 wachezaji wa Chicago White Sox walidaiwa kuuza fainali, na wanane wakafungiwa maisha. Mwezi Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland Guardians walishtakiwa Marekani kwamba walipanga na wabetiji namna ya kurusha mipira fulani, walikana mashtaka. Baada ya hapo ligi ikatangaza kwamba kampuni za huko zitaweka kikomo cha dola 200 kwa dau la mpira mmoja na hazitaruhusu dau hilo kuingia kwenye mkeka. Sasa fikiri. Mtu mwenye siri ya kweli, siri ambayo ikijulikana inampeleka jela, ataiuza kwa 20,000 kwa fundi simu wa Mtwara asiyemjua? Anachofanya ni hiki: watu mia wanalipa, nusu anawapa “bila pointi,” nusu anawapa “pointi itakuwepo.” Nusu moja lazima ipatie. Kesho anawarudia hao waliopatia, anawapandishia bei. Hana anayemjua ndani ya timu yoyote.

Na kama unahisi wanaoingia huko ni wajinga tu, yuko Ippei Mizuhara, aliyekuwa mkalimani wa Ohtani huyo huyo. Alikuwa na kazi nzuri, alikaa karibu na mchezaji mkubwa kuliko wote, alijua kila kinachoendelea ndani. Wachunguzi hawakuona kwamba alibeti besiboli. Alibeti michezo mingine, akaiba karibu dola milioni 17 za bosi wake akifukuzia alichopoteza. Februari 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Naye alikuwa anasubiri mkeka wa kurudisha.

Basi tuache Marekani, twende Nanyamba.

Umesema mikorosho imeanza kutoa maua. Wewe ni mtoto wa mkulima, unajua ugonjwa wa ubwiriunga unavyofanya. Unashika maua mapya na machipukizi, yanakauka, na ua lililokauka halitoi korosho msimu huo hata ukilipulizia magunia ya salfa mwezi ujao. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo hapo mlangoni kwenu, wanasisitiza kuanza mapema na kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo hasara ya kwanza ya mama si zile 360,000. Ni maua ya wiki hii na wiki ijayo. Hilo ndilo la kulizuia, na bado linazuilika.

Una 90,000 ya mama na mabaki ya mkopo. Salfa ipo. Kilichokosekana ni mota, petroli na wapulizaji. Wapulizaji ni watu, na wewe ni mtu. Funga kibanda siku chache, nenda shamba, ukodi mota kwa hiyo hela iliyopo, na upulize mwenyewe. Mchukue na mdogo wako au binamu mmoja. Piga alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko majanini ili unga ushike. Wewe kuwa macho saa kumi na moja umeshazoea. Funika pua na mdomo vizuri, vaa miwani, salfa inachoma macho. Anza na mikorosho inayozaa sana. Haitatosha shamba zima kwa mizunguko yote, lakini mzunguko wa kwanza ndio unaokimbiwa na wakati.

Kangomba hapana, na nisikilize kwa nini. Huyo mtu anakupa hela leo kwa sababu anajua una shida leo. Mnadani, kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, msimu wa 2024/25 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Huyo hatakupa bei hiyo wala nusu yake, na serikali imekataza biashara hiyo miaka yote hii kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya yote, korosho hizo si zako. Ni za mama. Mpaka sasa umetumia vibaya hela uliyokabidhiwa. Ukisaini kangomba utakuwa umeuza mazao ya mjane akiwa hajui, na Oktoba magunia yakipimwa pale ghalani atajua mbele ya kijiji kizima. Leo anaweza kujulia sebuleni kwake.

Ndiyo, lazima umwambie. Tena kabla hujaenda kupuliza, maana akikuona shambani na mota bila vijana atauliza, na utatunga uongo mwingine. Umesema mjomba wako wa kuzaliwa unamwogopa. Kwetu kusini mjomba ndiye wa kupelekewa mambo kama haya, na hofu yako inanionyesha kwamba unamheshimu. Nenda kwake kwanza. Usimpigie simu, nenda. Mwambie: “Mjomba, nimekula hela ya salfa ya mama kwenye kamari, imebaki kiasi hiki, nadaiwa kiasi hiki, na mpango wangu ni kupuliza mwenyewe kuanzia siku fulani. Naomba unisindikize kwa mama.” Sema kiasi chote, na mkopo wa kausha damu usiufiche, maana ukisema nusu utarudi kusema nusu nyingine na hapo hakuna atakayekuamini. Atakufokea. Mwache akufokee. Mama yako, ambaye kwa safu hii ni dada yangu, ataumia, lakini ninavyowajua wanawake wa huku, mtoto aliyekuja mwenyewe akiwa na mota mgongoni hafukuzwi.

Mkeo mwambie usiku huo huo. Yeye amebeba mzigo wa mwanamke asiyekuwepo. Kumwambia ni kamari kutamuuma kwa namna nyingine, ila atajua ni kitu gani anapambana nacho, na nataka laini yako yenye akaunti ya pesa ikae kwake mpaka msimu wa korosho uishe. Wateja wa kibanda walipie kwenye namba yake. Usilione hilo kama kudhalilishwa. Ni wewe unayemkabidhi.

Mkopo wa kausha damu unakua kila wiki, kwa hiyo huo ndio wa kulipwa kwanza na kila shilingi ya kibanda, kabla hujaanza kurudisha ya mama. Nenda kwa aliyekukopesha kabla hajakutafuta, mkiwa na mjomba wako kama shahidi, mwandikishane kiasi cha kila wiki kwenye karatasi. Kama una simu za kuuza, vifaa vya ziada, redio kubwa, uza. Usikope kwingine kulipa huku. Mama atakusubiri, kausha damu hasubiri.

Programu ifute, lakini kufuta hakutoshi, unaweza kuipakua tena kwa bando la mia tano. Waandikie huduma kwa wateja wa kampuni uwaambie wakufungie akaunti kabisa, na uhifadhi jibu lao. Wakikataa, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo inayowapa leseni. Toka kwenye makundi yote ya Telegram. Yule jamaa aliyekuonyesha mkeka mwambie wazi umeacha, asikutumie picha za mikeka iliyotiki. Hajawahi kukutumia iliyochanika.

Na kama baada ya wiki chache unajikuta usiku mikono inatafuta simu, moyo unakwenda mbio saa nane ikifika, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, uombe kuonana na anayehudumia afya ya akili. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii kwenye orodha yake ya magonjwa. Mtu haendi hospitali kwa malaria akaona aibu.

Umesema umeanza kuupenda mchezo wenyewe, na nakuamini. Lakini besiboli ni inningi tisa, mpwa wangu, na wewe hujawahi kukaa mpaka ya pili. Msimu ujao, madeni yakiwa yamekwisha, tafuta mechi ya mchana ya huko, ambayo kwetu inaanza saa mbili usiku, uangalie na mwanao mpaka mwisho bila dau. Kama utauona unachosha, basi ulichokipenda kilikuwa mkeka. Sidhani utauona unachosha.

Wiki hii nenda kwa mjomba wako. Ukishazungumza na mama, niandikie alisema nini na mmeweza kupuliza mikorosho mingapi, na kama mota imekosekana Nanyamba niambie haraka, kuna wasomaji wa safu hii kutoka Tandahimba na Newala wanaokodisha na nitawauliza kwa niaba yako.

Mjomba